Mlango wa Ouma Mpeni Egessa

Malaba, Ijumaa

Bwire mwanangu,

Hapa tuko. Tunaamka, tunakula, tunalala, Mungu hajachoka na sisi. Magoti yangu yanalia nikiinama kupuliza moto, lakini mdomo bado uko sawa kama unavyoujua. Sasa wewe. Huo mguu uliochomwa na mwiba wa kambare umeshuka uvimbe, ama bado unaufunga majani na kuuficha chini ya blanketi kama kitu cha kuibwa? Kikohozi cha Auma kimeacha? Wandera mdogo anakula? Mmehamisha kuku kabla maji hayajafika bandani, ama mnangoja mpaka waogelee kama mwaka ule? Nijibu yote moja moja. Usinijibu "tuko poa". Hiyo si habari.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe na leo ni siku ya nne niko na hii karatasi. Kalamu naishika kama mwiko, lakini herufi zangu zinasomeka na hakuna mtu atasema hazisomeki. Nafula binti yako alitaka kuniandikia nikamfukuza, maana maneno yanamhusu yeye. Na simu sitaki. Jumanne nilikupigia, nikasema tu "kuhusu Nafula," ukakata. Nikapiga tena nikaambiwa na yule mwanamke wa ndani ya simu kwamba mteja hapatikani. Mteja! Nilikuzaa mimi, leo umekuwa mteja. Basi karatasi huwezi kuikata. Isome mpaka mwisho. Kuna mahali nitakuambia usome kwa sauti mbele ya wanaume wote wa uzio wa samaki, na kuna mahali nitakuambia ufunge mdomo. Ukichanganya, nitajua.

Huku malori yamejipanga tangu juzi, mkia wake umepita kanisa unaelekea mashambani. Mimi nafurahi wakikwama, kwa sababu dereva aliyekwama anakunywa chai. Lakini wiki hii hata chai inanishinda. Mvua ikigonga mabati nasimama. Nikisimama naenda nje kuangalia mbingu upande wa kwenu. Mama Amoit, mwenye hii nyumba tunayopanga, aliniuliza jana, "Wee mama, unatafuta nini huko juu? Kuna ndege imekuahidi?" Nikamwambia naangalia mto. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mto wa Wasamia unauona kutoka Malaba?" Yeye ni Mteso, watu wake ni wa ng'ombe na mtama, simlaumu. Hajui kwamba mtu aliyezaliwa mtoni na akaolewa mtoni, mvua ikinyesha tumbo lake linapanda pamoja na maji. Wewe unasema Malaba ni karibu, ni gari mbili na boda. Kwangu mimi hapa ni ng'ambo.

Sasa wacha niandike kama vile hujui kitu, kwa sababu nataka Nafula akiisoma hii barua akiwa mtu mzima aelewe ni nini kilitokea.

Uzio wetu wa samaki unakatiza mto kutoka ukingo huu hadi ule, miti na mafunjo yaliyosukwa, na ndani yake kuna milango. Kila mlango ni wa nyumba moja. Samaki wetu ningu wakipanda na maji ya masika, wanapita mlangoni na kuingia kwenye mgono, lile kapu letu refu la kutegea. Mlango wa marehemu baba yako, Ouma, ni wa nne kutoka upande wetu, pale maji yanapopiga kona, na hakuna mlango unaoshika samaki kama huo. Sheria ni moja. Siku maji yakifunika fundo la kwanza la kamba ya kupimia iliyofungwa kwenye uzio, mtu wa damu ya nyumba hiyo awe amekaa hapo na moto wake, akiingia majini kuutoa mgono, na asiondoke mpaka maji yashuke. Mke hawezi, kwa sababu mke alitoka kwingine. Mimi nimepikia huo mlango maisha yangu yote na bado siruhusiwi kuukalia. Msichana wa nyumba anaweza, bora hajaolewa. Mlango ukikosa mtu, unaenda kwa jirani wa kushoto.

Na jirani wa kushoto ni Egessa. Hata kuandika hilo jina kalamu inakwaruza. Ni yeye aliyesema kwenye matanga ya baba yako, na sahani ya nyama yetu mkononi, kwamba mgono wa Ouma ulikuwa unashika nyoka tu.

Sasa, Jumapili mchana ulinipigia nikiwa nawamiminia madereva chai. Ukasema mguu haukubali kuingia majini. Ukasema maji yamebakisha shubiri mbili kufika kwenye fundo. Ukasema Egessa ameonekana akiupima mlango wetu kwa fimbo. Akiupima! Damu ilinipanda mpaka kwenye nywele. Ndugu zako Mungu amewachukua, Wandera ni mtoto wa miaka sita, wewe mguu, kwa hivyo amebaki Nafula. Nikapaza sauti, malori yote yakasikia:

"Mlango wa Ouma? Egessa? Mimi nikiwa napumua? Nafula anakuja Jumamosi na Taaka muuza samaki, atakaa yeye! Waambie wote mama Bwire amesema!"

Na wewe, mjanja, ulikuwa umefungua simu kwa sauti kubwa na wanaume wamekaa hapo. Nikasikia mzee mmoja akisema, "Basi, mama amesema, imekwisha." Na Egessa nikamsikia akicheka kile kicheko chake cha mbuzi. Dereva mmoja aliyekuwa ameshika kikombe akaniuliza, "Mama, pole, nani amefariki?" Nikamwambia hakuna aliyefariki, mandazi yako ni hayo, kula.

Nilifurahi, Bwire. Nataka ulijue hilo. Siku hiyo nilitembea kifua mbele kama bibi harusi.

Nafula alipotoka kanisani nikamwambia.

"Nafula, Jumamosi unaenda nyumbani na Taaka."

"Sawa, Kukhu."

"Mguu wa baba yako ni mbaya. Utakalia mlango. Ni wiki tatu tu."

"Sawa, Kukhu."

"Huulizi kitu? Kila siku unanisumbua kwa nini mwezi, kwa nini radi, leo umemeza ulimi?"

"Najua, Kukhu. Maji yamepanda."

Akatoa kitabu cha sayansi kwenye mfuko wake wa shule, akakipangusa na upindo wa sketi, akatoka nacho. Akarudi mikono mitupu.

"Kitabu umepeleka wapi?"

"Kwa Amoit. Tuko watatu kwa kitabu kimoja. Nikikaa nacho wiki tatu, wao watasoma nini?"

"Si utakichukua ukirudi?"

"Nikirudi," akasema.

Hakusema vibaya. Alisema kama mtu anayesoma saa ukutani. Halafu akaanza kunisaidia kuosha vikombe. Angelia ningemkaripia na mambo yangeisha. Angenijibu ningemchapa na mwiko. Lakini hakunipa kitu cha kushika. Nilimwangalia anavyosugua vile vikombe na nikakasirika na sikujua nakasirikia nini, nikaenda kumkasirikia Mama Amoit kwa sababu ya bomba.

Jumatatu nikavaa gauni langu la kanisa nikaenda shuleni kuomba ruhusa. Mimi si mtu wa kumtoa mtoto shule kimyakimya kama mwizi wa kuku. Mwalimu wake ni msichana mdogo tu, angekuwa kwetu ningemtuma maji. Lakini alinipa kiti na akaniita mama, kwa hivyo nikakaa.

"Madam, nimekuja kuomba wiki tatu za Nafula. Kuna kazi nyumbani."

"Kazi gani, mama?"

"Ya mto."

Akaweka kalamu chini. "Mama, kabla ya kuletwa hapa nilifundisha huko chini kwenu. Watoto wa mto huniomba wiki tatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba mwaka."

"Unasema mimi ni mwongo?"

"Hapana, mama. Hata wao hawakuwa waongo."

Nikamwambia nyumba yetu si ya namna hiyo, sisi tuna mlango wa nne, akaulize. Akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu ambaye hajui mlango wa nne ni nini. Akasema huu mwaka wa gredi ya tisa ndio unaamua mtoto aende shule gani ya mbele, na kwamba Nafula ana kichwa chepesi lakini hesabu zake ni za kushikilia, ukiziachilia kidogo zinateleza. Halafu akaniuliza, bila ubaya:

"Na wewe mama, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Nani alikutoa?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Bwire, wewe unanijua, hakuna siku mimi nimekosa mtu wa kulaumu. Nikatafuta jina. Nikakosa. Nikamwambia nimeacha chai motoni, nikaondoka bila hata kuaga, na begi langu likabaki kwenye kiti mpaka Nafula akaniletea.

Tangu siku hiyo natafuta hilo jina. Si baba yangu. Baba alininunulia daftari na penseli na alikuwa akiniita mwalimu mbele ya wageni. Si mama. Masika yalikuja, maji yakapanda, nikaenda kwenye uzio na shangazi zangu, na nilienda nikikimbia! Nilifurahi! Shuleni kulikuwa na kiboko, mtoni kulikuwa na ningu wa kuchoma, mafuta yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa na kazi ya kupiga maji na mti ili samaki wageuke, na nilipiga vizuri kuliko wote. Wiki tatu. Maji yakashuka, nikarudi shule. Wenzangu walikuwa wanagawanya, mimi nimebaki kwa kuzidisha. Mwalimu akaniuliza, nikazidisha, darasa likacheka. Kesho yake kulikuwa na samaki wa kukausha, nikasema nitaenda keshokutwa. Keshokutwa kukawa na kuni. Hakuna mtu aliyeniambia acha shule. Hata mimi sikujiambia. Siku moja tu nikaona dada yangu Nabwire amechana karatasi za daftari langu anafungia watu chumvi sokoni, na sikumgombeza. Nilimshikia hilo daftari achane vizuri.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna mbaya wa kumshtaki.

Sasa angalia ukingo wetu, kutoka kwenye kona ya mto mpaka kivuko cha ng'ombe, nyumba kwa nyumba. Nani amemaliza kidato cha nne? Ni yule mtoto wa Sanya peke yake, na alipomaliza tu akahamia mjini, Burumba. Akija kutuona anakuja na maji yake ya chupa, anakaa nusu kiti kama sisi ni wagonjwa. Nilimtukana sana yule kijana. Lakini si tulikuwa wagonjwa? Kila masika choo kinabomoka kwa sababu udongo wetu ni mchanga. Hatuchimbi kingine, tunaingia kwenye mafunjo, na asubuhi tunateka maji ya kunywa hatua kumi kutoka hapo, tunasema ni maji yanayotembea, hayana shida. Vijana wetu walikuwa wakikojoa damu na sisi tunasema wanakomaa. Wewe pia. Nafula ndiye aliyeniambia hapa, alifundishwa shuleni, kwamba ni ugonjwa wa konokono wa majini na una dawa. Dawa! Wewe ulikojoa damu karibu mwaka mzima na mimi nikakuchinjia jogoo kwa furaha kwamba nina mwanaume nyumbani. Siku aliyoniambia nilimwambia anyamaze, ale.

Na zile neti za mbu tulizogawiwa, tukazikata tukaanikia samaki, watoto wakalala na mbu, homa ilipokuja tukasema ni upepo wa mto. Usininyooshee kidole, najua wa kwanza kukata neti alikuwa nani. Alikuwa na makasi yake mwenyewe na alijivuna nayo.

Sisemi mto ni mbaya. Usiende kuwaambia watu mama amekuwa mtu wa Malaba. Hapa choo ni kimoja kwa vyumba vinane, moshi wa malori unaingia mpaka kwenye unga, na kuna wanaume wazima wanaomwita Nafula "sister" wakiwa ndani ya lori, nawatolea jiko la moto. Nilikuja hapa kwa sababu moja tu, shule ya kwetu madarasa ya juu yalikuwa na mwalimu mmoja na maji yanaingia mpaka chini ya dawati. Nilikuja mimi, mzee, nikaacha nyumba yangu, kwa sababu hiyo. Na Jumapili, kwa simu moja, kwa ajili ya fimbo ya Egessa, nikasahau nilichokuja kufanya.

Hapa sasa funga mdomo, usisome kwa sauti. Kaa chini na uweke mguu juu ya kigoda.

Ulikuwa darasa la sita. Baba yako alikuwa na homa na maji yamepanda. Mimi ndiye niliyekuja shuleni kwenu. Nilisimama kwenye dirisha nikakuita kwa mkono, ukatoka unacheka. Nikakuambia ni wiki tatu. Unakumbuka? Mimi nakumbuka hata shati. Ulikuwa unasoma kuliko wote, wazee walikuwa wanakuletea barua za serikali uwasomee, na mimi nilikuwa naketi kando nikijifanya napepeta mtama ili nisikie sauti yako. Ulipokaa kwenye uzio siku zile ulishika samaki wengi na nikakusifu mbele za watu. Hukurudi shule na sikukuuliza. Na hakuna siku umenilaumu. Ungenitukana hata mara moja, ningejua pa kuweka mikono yangu. Kuomba msamaha sijui, sikufundishwa, na sitajifunzia kwenye barua. Lakini hizo wiki tatu nilizokuambia, nilijua ni za namna gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazila.

Ndiyo maana simu unakata. Najua. Ungenisikilizaje mimi nikikuambia mtoto wako abaki shule wakati wewe sikukuacha ubaki? Mimi ningekata pia.

Sasa. Inuka, hata kama ni kwa fimbo, nenda kwenye uzio wakiwa wamekaa, na hapa soma kwa sauti. Usimpe katekista asome, ataongeza maneno yake.

*Wazee na wanaume wa uzio. Hii ni sauti ya Agneta, mke wa Ouma. Jumapili nilisema mbele yenu kwamba mjukuu wangu atakalia mlango wa nne. Neno hilo nalirudisha, kabla maji hayajafunika fundo. Sijalazimishwa, sijalewa, na watu wa Malaba hawajaniloga. Mlango wa Ouma mpeni Egessa. Narudia jina ili mtu asije kusema hakusikia: mpeni Egessa. Nyumba yetu haitaudai, si masika haya, si yajayo, si Wandera akiwa mkubwa. Egessa, usicheke. Chini ya huo mlango, mbele ya mgono, kuna jiwe bapa. Watu hawalijui. Ouma alilibeba mwenyewe kutoka ukingo wa pili akaliweka hapo, na ndilo linalofanya samaki wageuke waingie. Usilitoe. Kila mwaka lisukume kidogo upande wa juu, mto unalivuta. Hayo ndiyo nilikuwa nayo. Najua nyumba isiyo na mlango haina neno kwenye uzio, kwa hivyo kwenu sina neno tena. Ningekuwa nalo, ningeuliza ni wangapi kati yenu mmewaita watoto kutoka darasani wiki hii na mmewaambia ni wiki ngapi.*

Umemaliza. Wacha wazungumze. Usigombane na mtu, na usikae hapo kusikiliza watakavyosema mama yako amezeeka.

Najua unawaza mtakula nini. Kwa desturi Egessa atawaletea samaki wa siku ya kwanza. Pokea, lakini usimshukuru sana. Huo mguu upeleke zahanati kabla haujanuka, na uwaambie ukweli, ulichomwa lini, usiwadanganye ni jana. Hakuna mtu anayeshona nyavu kwenye mto huo kama wewe, na nyavu zinashonwa mtu akiwa amekaa. Watu wa Sio Port wamekutafuta mara ngapi ukasema wewe ni mtu wa mlango, si fundi? Sasa si mtu wa mlango. Washonee. Auma aendelee na sukuma wiki zake kwenye soko la Bumala. Na Wandera mpeleke shule Jumatatu. Apitie njia ya juu ya Namboboto, asipite ukingoni, na maji yakipanda aende hivyo hivyo. Akikuambia anataka kuja mtoni, na atakuambia akicheka, mfukuze.

Usidhani nimetulia hapa nikiandika kama askofu. Tangu asubuhi nimemwaga maziwa mara mbili. Mkono mmoja unaandika na mwingine unataka kuichana. Masika mengine baba yako aliukalia huo mlango akitetemeka na homa, nikimlisha uji kwa kijiko, akakataa kuondoka, na mimi leo nautoa kwa karatasi. Na huenda Nafula akafeli. Huenda akamaliza vizuri akakosa kazi, akaishia hapa kumimina chai na mimi. Nilirudi kwa yule mwalimu Jumatano, nikamuuliza, "Nikimwacha, unaniahidi nini?" Akasema, "Mama, siwezi kukuahidi kitu." Nilikuwa nimejitayarisha kumdharau kama angeniahidi. Sasa hata dharau sina.

Nafula bado hajui. Yuko shule saa hii, anafikiri kesho ni safari. Nguo zake zimekunjwa zote, hata sketi yake ya pili ya shule amempa Amoit aiazime. Nitamwambia akija, kabla hajaketi, kabla sijabadilika. Na kesho Taaka akisimama hapa na makapu yake, atapewa hii bahasha badala ya mtoto. Usimuulize Taaka maswali, hajui kitu na atatunga.

Msalimie Auma, mke wako, mwambie kwa kikohozi asilale upande wa jiko. Msalimie dada yangu Nabwire, mwenye macho mabaya, mwambie yale mambo ya daftari na chumvi simdai, alikuwa mdogo na mimi nilimsaidia. Msalimie katekista na umwambie sijaacha kanisa, nimebadilisha benchi tu. Msalimie mke wa Sanya, mwambie mtoto wake wa Burumba akija tena na maji yake ya chupa amwombe kidogo anywe. Msalimie hata mke wa Egessa. Kosa si lake.

Ukishasoma mbele yao, ingia majini, hata kama ni mguu mmoja, hata kama ni kwa kushikwa bega, ukaung'oe mgono wetu wewe mwenyewe. Usimngojee Egessa aung'oe. Mwingine yeyote akiugusa kabla yako, nitajua na sitakusamehe. Upeleke nyumbani. Usiutundike ukutani kama picha ya marehemu. Mpe Auma aweke viazi.

Ni mimi mama yako,
Agneta